Istilahi za Utunzaji wa Kompyuta ya Nyumbani: Historia Yake na Matatizo Yake

Madhumuni ya makala haya ni kueleza historia ya aina moja ya programu za kompyuta, nayo ni ile ambayo kazi yake si kumwandikia mtu barua wala kumpigia hesabu za duka, bali kuitunza kompyuta yenyewe: kuikagua, kuiondolea takataka, kuirudishia kilichopotea na kuikinga na wavamizi. Twaanza na historia kabla ya kugusa istilahi kwa sababu iliyo wazi kwa kila mtu aliyewahi kufanya kazi hii. Istilahi inayoundwa kwa kulitazama neno la kigeni peke yake, bila kujua kitu chenyewe kilizaliwaje na hufanyaje kazi, huwa kama nguo iliyoshonwa bila kupima mwili. Na katika uwanja huu hasara yake haiwapati wanaisimu tu. Mtu anayeamini kwamba amezifuta barua zake, kumbe hajazifuta, huuza kompyuta kuukuu pamoja na siri za nyumba yake.

Katika Kiingereza programu hizi zilipewa jina ambalo asili yake ni neno lenye maana ya manufaa. Jina hilo halikuanza na kompyuta za nyumbani. Kampuni ya IBM ilipoitangaza mitambo yake ya System/360 mwaka 1964, ilitayarisha pamoja na mfumo wa uendeshaji wa mitambo hiyo programu ndogo ndogo za kunakili mafaili, kuyahamisha na kuyachapa. Hizo zilikuwa zana za mafundi, na mtu wa kawaida hakuzijua kama vile abiria asivyoijua spana ya makanika. Wafasiri wetu walipokutana na jina hilo, baadhi yao waliandika "programu za matumizi", na matatizo yakaanza hapo, kwani tayari tunazo "programu tumizi" kwa zile za kuandikia na kuchorea. Mtu atatofautishaje tumizi na za matumizi? Wengine wakaandika "programu za huduma", jambo ambalo ni afadhali kidogo. Lakini huduma katika masikio ya wananchi ni maji, umeme na zahanati. Sisi katika makala haya tutasema "programu za utunzaji". Mtu hutunza nyumba, hutunza mwili, hutunza shamba na hutunza kumbukumbu, na katika kila mojawapo ya kazi hizo mna kusafisha, kukarabati na kulinda. Ile maana nyingine ya kumtunza mwimbaji wa taarabu kwa noti haidhani sisi kwamba itamkanganya mtu.

Hapa kwetu Tanzania neno kompyuta lilitangulia kompyuta ya nyumbani kwa miaka mingi. Kompyuta ya kwanza iliwekwa katika Wizara ya Fedha mwaka 1965. Mwaka 1974 Serikali ilipiga marufuku kuingiza nchini kompyuta na televisheni, na marufuku hiyo ilikuja kulegezwa baadaye, hatua kwa hatua. Kwa hiyo katika miaka ileile ambayo watu wa Marekani walikuwa wakinunua kompyuta za mezani na kujifunza kwa uchungu namna ya kuzitunza, hapa kwetu waliokuwa na haja ya maneno hayo walikuwa wachache mno. Mashine zilipoanza kuingia kwa wingi katika miaka ya 1990 na 2000, nyingi zikiwa zimekwisha tumika nchi za nje, zilikuja na maneno yake yote kwa mkupuo. Amri iliyobuniwa mwaka 1982 na dhana iliyozaliwa mwaka 2009 ziliweza kufasiriwa katika wiki moja na mtu mmoja, kana kwamba ni za umri mmoja. Hii ndiyo sababu mojawapo ya vurugu tunayoiona katika istilahi zetu.

Kufuta

Kompyuta ya binafsi ya IBM ilitangazwa mwezi Agosti 1981. Mwaka uliofuata Peter Norton, mtaalamu wa programu wa California, alitoa mkusanyo wa programu za utunzaji alioupa jina la Norton Utilities, na mojawapo ya programu hizo, UNERASE, ndiyo iliyomjengea jina. Kazi yake ilikuwa kurudisha faili lililokwisha kufutwa. Kwa watu wa wakati ule jambo hili lilionekana kama uganga. Kwa hakika halikuwa na uganga wowote, bali lilitokana na jinsi mfumo wa DOS ulivyoielewa kazi ya kufuta.

Diski ya mfumo huo ilikuwa na vitu viwili ambavyo msomaji hana budi kuviweka akilini. Cha kwanza ni daftari la majina, ambamo kila faili huandikiwa jina lake, ukubwa wake na mahali linapoanzia. Cha pili ni jedwali la nafasi, linaloonyesha sehemu za diski zilizoshikwa na zilizo wazi. Mtumiaji anapotoa amri ya kufuta, DOS haiugusi mwili wa faili hata kidogo. Huibadili herufi ya kwanza ya jina katika daftari, ikaweka mahali pake alama maalumu ambayo nambari yake ni 229. Kisha huzitangaza nafasi za faili hilo kuwa wazi. Kazi imekwisha. Maandishi yenyewe yangali palepale yalipokuwa, yakingoja siku ambayo faili jingine litapangishwa katika chumba hicho na kuyafunika.

Tuseme faili liliitwa BARUA. Baada ya kufutwa, daftarini hubaki ARUA, na mbele yake alama ile. Programu ya Norton ililitafuta jina lenye alama hiyo, ikamwuliza mtumiaji herufi ya kwanza ilikuwa ipi, ikairudisha mahali pake na kuziunganisha tena nafasi za faili. Mtumiaji akijibu kwa herufi H, atarudishiwa HARUA, na kompyuta haitaona ajabu. Sharti lilikuwa moja tu: asiandike kitu kingine diskini kabla ya kuokoa, maana kila faili jipya laweza kuangukia juu ya la zamani.

Sasa tulitazame neno letu. Kufuta, kwa maana yake ya msingi, ni kazi ya mwalimu ubaoni au ya mama afutaye meza kwa kitambaa: kilichokuwapo hakipo tena. Maana hii ndiyo imjiayo mtu wa kwanza anaposoma neno "Futa" katika kioo cha kompyuta yake. Lakini Kiswahili kina kufuta kwingine pia. Mahakama hufuta kesi, nayo kesi iliyofutwa haiendelei kusikilizwa, ila jalada lake limo katika masijala na mwenye ruhusa aweza kulisoma. Kufuta kwa DOS ni kufuta kwa mahakama. Mtumiaji, kwa upande wake, ameelewa kufuta kwa mwalimu. Neno ni moja, na wawili hawa hawajaafikiana.

Kadiri miaka ilivyokwenda ndivyo pengo hilo lilivyozidi kupanuka. Mwaka 1984 kompyuta ya Macintosh ilimwekea mtumiaji picha ya pipa la takataka, naye akawa anatupa mafaili humo hadi atakapolimwaga pipa lenyewe. MS-DOS 5.0 ya mwaka 1991 ilikuwa na amri yake yenyewe ya kurudisha kilichofutwa. Windows 95, iliyotoka mwaka 1995, nayo ikaja na pipa lake. Kwa hiyo pakawa na ngazi tatu: kutupa katika pipa, kuliondoa jina katika daftari, na kuyaharibu maandishi yenyewe kwa kuandika juu yake. Kwa ngazi hii ya tatu watu wa Norton walitengeneza programu za pekee, WIPEFILE na WIPEDISK, na haja ya kuwa nazo ni ushahidi kwamba amri ya kawaida ya kufuta haikuifanya kazi hiyo.

Kwamba jambo hili si la kinadharia lilidhihirika mapema. Mwaka 2003 watafiti wawili wa chuo cha MIT, Simson Garfinkel na Abhi Shelat, walitoa matokeo ya uchunguzi wa diski kuu 158 walizozinunua zikiwa zimekwisha tumika. Diski 129 zilikuwa zinafanya kazi, na katika hizo ni 12 tu zilizokuwa zimefutwa kikamilifu. Katika nyingine walikuta barua za watu, habari za matibabu na maelfu ya nambari za kadi za benki. Baadhi ya wauzaji walikuwa wametayarisha diski upya kwa amri ya mfumo wakidhani wameimaliza kazi. Lakini katika Windows za wakati ule hata amri hiyo haikuandika juu ya maandishi ya zamani. Ilianza kufanya hivyo katika Windows Vista, mwaka 2007, nako ni pale tu mtumiaji asipochagua njia ya haraka. Mwaka 2009 wanafunzi wa uandishi wa habari kutoka Kanada walinunua huko Tema, Ghana, diski kuukuu kwa dola 40, wakakuta ndani yake hati za kampuni ya Marekani yenye mikataba ya ulinzi. Nchi zetu hupokea kompyuta kama hizo kwa makontena, na sisi wenyewe huuziana za wenzetu. Mwalimu anayeuza mashine yenye alama za wanafunzi wake, au karani wa zahanati anayegawa iliyochakaa, huongozwa na neno moja tu aliloliona katika kioo.

Kwa sababu hiyo twaona haifai kuendelea kulibebesha neno kufuta mizigo yote mitatu. Kwa ngazi ya kwanza lipo neno kutupa, na pipa laweza kubaki pipa, au likaitwa jaa. Kila mtu ajua kwamba kilichotupwa jaani huweza kuokotwa. Kwa ngazi ya pili twapendekeza kuondoa. Kufuta libakizwe kwa ngazi ya tatu, au, ikionekana kwamba watumiaji wamekwisha lizoea katika ngazi ya pili, basi ya tatu iitwe kufutilia mbali, usemi ambao Mswahili hauelewi kwa namna mbili.

Kukusanya vipande

Tumeona kwamba faili jipya hupangishwa katika nafasi zilizoachwa wazi. Zikiwa ndogo, faili hukatwa vipande, kimoja huku na kingine kule, nalo jedwali hukumbuka vinavyofuatana. Katika diski kuu ya kuzunguka, kichwa kisomacho hulazimika kuhama kutoka kipande hadi kipande kama karani anayetafuta kurasa za jalada moja katika makabati manne. Diski ikizeeka hivyo, kompyuta hupooza. Programu za kuvikusanya vipande na kuvipanga mfululizo zilipata soko kubwa katika miaka ya 1980, na MS-DOS 6.0 ya mwaka 1993 ilikuja nayo ikiwa sehemu ya mfumo. Wengi wetu tuliowahi kukaa mbele ya mashine hizo twakumbuka vile viraba vya rangi vikihamahama kiooni saa nzima. Ilikuwa burudani ya namna yake.

Kwa dhana hii baadhi ya wafasiri waliandika "kusafisha diski". Hatukubaliani nao. Hakuna kinachoondolewa, kilichokuwapo kimepangwa tu. Kukusanya vipande ni usemi mrefu lakini wa kweli. Na ukweli huo umekuwa na maana zaidi tangu zilipoenea diski zisizozunguka, ambazo habari zake hukaa katika seli za umeme. Diski hizo hazina kichwa cha kuhamahama, kwa hiyo kukusanya vipande hakuzipi kasi ya maana, bali huzipunguzia umri, kwa kuwa seli moja huvumilia kuandikwa kwa idadi ya mara yenye kikomo kabla ya kuchoka. Microsoft yenyewe katika Windows 8 ya mwaka 2012 iliibadili jina programu hii, ikaiita kwa neno lenye maana ya kuboresha, kwani sasa hufanya kazi moja kwa diski za kuzunguka na nyingine kwa zisizozunguka. Mtu aliyefundishwa kwamba huku ni "kusafisha" ataendelea kuisafisha diski yake mpya kila Jumamosi kama asafishavyo uwanja, asijue kwamba anaichosha.

Biashara ya usafi

Usafi wenyewe upo, lakini ni mdogo kuliko unavyotangazwa. Programu huacha mafaili ya muda, na vivinjari huweka akiba ya kurasa zilizosomwa; vitu hivi vikiondolewa nafasi hupatikana. Windows 98 ilikuwa na programu yake ya kazi hiyo, na matoleo yaliyofuata yaliiendeleza. Tatizo lilianzia kwingine. Windows 95 ilikuwa imeweka mipangilio ya mashine nzima katika hazina moja ambayo sisi twaiita sajili. Kadiri programu zilivyowekwa na kuondolewa, sajili ilijaa mistari isiyo na kazi, na wafanyabiashara wakaona hapo mlango. Wakatengeneza programu za kusafisha sajili, zikimwonyesha mwenye mashine kwamba ana "makosa" mia kadhaa. Mistari hiyo haikuipunguzia kompyuta kasi kwa kiasi cha kuhisika, na mstari mmoja uliofutwa vibaya uliweza kuizuia mashine isiwake. Microsoft, iliyowahi kutoa programu yake yenyewe ya aina hiyo na kuiondoa, imekuja kutangaza kwamba haiungi mkono matumizi yake.

Mojawapo ya programu za usafi zilizopendwa sana ni CCleaner, iliyotolewa na kampuni ya Piriform ya Uingereza. Kwa muda mrefu ilifanya kazi yake kwa uaminifu. Mwezi Agosti 2017 wavamizi walifaulu kuingiza msimbo wao katika toleo la 5.33 kabla halijasambazwa, nalo likaenda kwa watumiaji likiwa na saini halali ya watengenezaji. Jambo hilo lilitangazwa mwezi Septemba. Waliokuwa wamelipokea walikadiriwa kuwa milioni 2.27. Twalitaja tukio hili kwa sababu linatuonya sisi waundaji wa maneno. Neno "kisafishaji" tayari limekwisha mpa mtumiaji hukumu kwamba chombo hiki ni kizuri. Neno la istilahi lapaswa kueleza kazi, si kutoa cheti cha tabia njema. "Kiondoa mafaili ya muda" halivutii masikio, twakiri, lakini halimpambi mtu yeyote.

Virusi na kinga

Wazo la programu inayojinakili lilikuwapo zamani, lakini jina lilipatikana mwaka 1983, pale Fred Cohen, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Southern California, alipoonyesha programu ya namna hiyo darasani na mwalimu wake Leonard Adleman akaifananisha na virusi. Kabla ya hapo, mwaka 1982, mwanafunzi wa sekondari wa Pennsylvania, Rich Skrenta, alikuwa amekwisha tengeneza Elk Cloner, iliyoenea kwa disketi za kompyuta za Apple II. Katika kompyuta za aina ya IBM ya kwanza kuenea ilikuwa Brain ya mwaka 1986, kazi ya ndugu wawili wa Lahore, Pakistani, Basit na Amjad Farooq Alvi, ambao waliandika ndani yake majina yao, anwani na nambari za simu. Wavamizi wa siku hizi hawana adabu hiyo.

Kwetu neno lilipokelewa kwa urahisi wa ajabu. Silabi vi- ilisikika kama kiambishi cha wingi, na mara umoja wake ukapatikana: kirusi. Hii ni njia ileile iliyopitwa na neno kitabu, ambalo lilitoka katika Kiarabu likiwa na ki- ya shina lake, Waswahili wakalitolea vitabu. Wako wanaolalamika kwamba kirusi chagongana na Kirusi, lugha ya Warusi. Ni kweli, na kwa kuwa mojawapo ya programu za kinga zinazojulikana sana duniani hutengenezwa Moscow, twaweza hata kusema kingavirusi cha Kirusi. Lakini herufi kubwa na muktadha hutosha.

Sababu nyingine ya urahisi huo ni ya huzuni. Katika miaka ya 1980 ugonjwa wa UKIMWI ulikuwa umekwisha lifundisha taifa zima maneno mawili: virusi, na kinga, ambalo limo ndani ya jina lenyewe la ugonjwa. Historia ya kompyuta nayo ilikutana na ugonjwa huo kwa njia ya aibu. Mwezi Desemba 1989 disketi zipatazo 20,000 zilipelekwa kwa posta kwa watu wa nchi mbalimbali, wakiwamo waliohudhuria mkutano wa Shirika la Afya Duniani kuhusu UKIMWI. Zilidai kutoa maelezo ya kumsaidia mtu kupima hatari yake ya kuambukizwa. Baada ya kompyuta kuwashwa mara 90, majina ya mafaili yalifichwa kwa maandishi ya siri na mwenye mashine akaamriwa kupeleka dola 189 katika sanduku la posta la Panama. Aliyeshtakiwa Uingereza, Joseph Popp, alikuwa mwanabiolojia wa Marekani aliyewahi kufanya kazi Afrika ya Mashariki. Mwaka 1991 mahakama iliamua kwamba hali ya akili yake haikumruhusu kushtakiwa. Mtaalamu wa Uingereza, Jim Bates, alitengeneza programu mbili za utunzaji, moja ya kuing'oa programu ile na nyingine ya kuyarudisha majina. Disketi ile haikuwa kirusi kwa maana kamili, kwani haikujinakili. Ilikuwa kile ambacho wataalamu hukiita farasi wa Troya, na kwa jumla yake yote twaweza kusema programu hasidi. Wapo wanaosema kwamba watu wa kawaida hawazihitaji tofauti hizi. Sisi twadhani wanazihitaji: kirusi huja chenyewe, farasi huingizwa na mwenye nyumba.

Istilahi ya kingavirusi yastahili kuangaliwa kidogo. Tunalo neno kingamwili, yaani kinachokinga mwili. Kwa mantiki hiyohiyo kingavirusi kingekuwa kinachovikinga virusi visidhurike! Lakini tunalo pia kingaradi, ambacho hakuna aliyewahi kufikiri kwamba huilinda radi. Lugha imeziruhusu njia zote mbili, na mazoea yameamua. Lisilofaa ni "saini ya virusi", linalotumiwa na wengine kwa ule mfuatano wa msimbo ambao programu ya kinga huutafuta ndani ya mafaili ili kumtambua mvamizi. Saini hutiwa na mwenyewe kwa hiari yake. Hapa tuna alama ya kutambulisha, kama kovu la mhalifu katika maelezo ya polisi, na alama bainishi latosha.

Programu hizi zilikua pamoja na hofu. Tarehe 6 Machi 1992 dunia iliambiwa ingoje kirusi cha Michelangelo kiangamize kompyuta zipatazo milioni 5; zilizoharibiwa zilikuwa maelfu tu, ila mauzo ya kinga yalipanda sana. Kwetu hofu ilikuwa na sura nyingine. Mbebaji wake alikuwa flashi, iliyotoka kwa karani hadi kwenye kibanda cha steshenari, ikachomekwa katika mashine inayopokea wateja wa mtaa mzima, ikarudi ofisini na mafaili yote yamegeuka vijia vya mkato visivyofunguka. Mdudu wa Conficker, aliyetokea mwishoni mwa 2008, alitumia njia hiyo pamoja na ya mitandao, kwa kuwa Windows ya wakati ule ilikuwa tayari kuendesha yenyewe programu iliyoikuta katika flashi. Mlango huo ulifungwa kwa masasisho ya mwaka 2011. Tangu Windows 8 kingavirusi kimo ndani ya mfumo wenyewe bila malipo, na mwenye kompyuta ya nyumbani hana tena ulazima wa kununua kingine.

Tumetumia neno masasisho. Kati ya istilahi zote za uwanja huu ndilo tunalolipenda zaidi, kwa kuwa limetoka katika sasa, neno la kila siku, likanyumbuliwa kuwa kitenzi kusasisha bila kuazima kitu kwa jirani. Umuhimu wa tendo hilo ulionekana mwezi Mei 2017, pale programu hasidi ya WannaCry ilipozishika kompyuta zaidi ya 200,000 katika nchi zipatazo 150. Masasisho ya kuuziba ufa ilioutumia yalikuwa yamekwisha tolewa mwezi Machi, miezi miwili kabla. Kinyume chake ni "ukuta wa moto", tafsiri ya neno kwa neno ya kile kizuizi kinachochuja mawasiliano yaingiayo na kutoka, na ambacho Windows XP ilikiwasha tangu mwanzo katika masasisho yake makubwa ya mwaka 2004. Asili ya jina la kigeni ni ukuta wa nyumba unaozuia moto usivuke. Katika Kiswahili umekuwa ukuta unaowaka. Ukuta kinga ungesema yote.

Kwa nakala ya akiba, ambayo ndiyo kinga pekee isiyoshindwa na WannaCry wala na diski iliyokufa, wengine wametumia neno chelezo. Watu wa bara hulidhani neno la kubuni, lakini mvuvi wa pwani alijua zamani: ni kitu kieleacho juu ya maji. Wavu ukizama, huonekana ulipo kwa chelezo chake. Twaliunga mkono, kwa sharti kwamba liambatane na maelezo haya: chelezo kilichofungwa ndani ya chombo huzama na chombo, na nakala iliyo katika kompyuta ileile si chelezo.

Lipo neno moja ambalo halijapata mwenziwe. Seli za diski zisizozunguka haziwezi kuandikwa upya kabla ya kusafishwa kwanza, kwa hiyo mfumo wa uendeshaji huiambia diski ni nafasi zipi zimeachwa na mafaili yaliyoondolewa, nayo huzisafisha kwa wakati wake. Windows 7 ya mwaka 2009 ilianza kutoa amri hiyo. Matokeo yake ni kwamba faili lililoondolewa katika diski ya namna hii mara nyingi halirudishiki, na ufundi wa Norton wa mwaka 1982 hauna la kufanya. Kufuta kumekaribia tena kufuta kwa mwalimu ubaoni, ila kwa saa ambayo mtumiaji haijui. Jina la kigeni la amri yenyewe lina maana ya kupunguza kingo au matawi. Wengine wamependekeza kukata, neno ambalo tayari lina kazi katika kukata na kubandika maandishi. Mkulima wa kahawa anasema kupogoa, na anayepogoa huondoa tawi lisilozaa ili jingine lipate nafasi. Katika orodha tunayoitayarisha tumeliandika hilo, na mbele yake tumeacha mstari mtupu kwa msomaji mwenye neno lililo bora zaidi.